Gari Liondoke kwa Saa: Mbinu za Kunyoosha Usafiri wa Isongole, Mpemba na Tunduma

Barabara ya Mpemba hadi Isongole, mkoani Songwe, ina kilomita 50.3, na tangu iwekwe lami hakuna dereva anayeweza tena kusingizia tope. Gari zima likienda kwa mwendo wa sheria linaimaliza kwa kama saa moja na robo. Lakini muulize mama anayetoka Isongole kwenda Vwawa kufuatilia kesi au cheti, atakutajia muda mwingine kabisa. Yeye huanza kuhesabu anapofika stendi, si gari linapowashwa. Katikati ya hapo kuna konda anayesema "bado wawili tu", na hao wawili huweza kuchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Makala haya ni ya wale wanaotaka kulibadili jambo hilo: diwani, mtendaji wa kata, viongozi wa madereva stendi, mkuu wa shule, mwenye Noah moja, na abiria aliyechoka. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Shida ya kwanza ya usafiri wetu si uchache wa magari. Shida ni kwamba hakuna anayejua gari litaondoka saa ngapi, na mtu asiyejua hilo hawezi kupanga siku yake. Kwa hiyo anaacha kusafiri, au anapanda bodaboda kilomita nyingi kwa bei ya kuumiza, au analala Tunduma kwa shughuli ya nusu saa.

Wapo watakaosema tununuliwe mabasi mapya kwanza. Dar es Salaam imetupa somo la bure hapo. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni yalikuwa 140, mapya, na njia yao wenyewe isiyoingiliwa na daladala. Baada ya miaka michache mengi yalikuwa yamelala kwa kukosa vipuri, karakana ya Jangwani ikawa inafurika kila mvua kubwa zinaponyesha, na abiria wakarudi kubanana vituoni. Chuma kilikuwepo. Kilichopungua ni uendeshaji wa kila siku. Isongole haina fedha za kurudia kosa la namna hiyo, na kwa kweli haihitaji.

Anzeni na daftari

Kabla ya kuandika barua yoyote, hesabuni. Malalamiko yasiyo na namba husikilizwa kwa heshima, yakaandikwa kwenye muhtasari wa kikao, na yakaishia humo. Tafuteni vijana watatu waliomaliza shule na wenye mwandiko unaosomeka. Mmoja akae stendi ya Isongole, mwingine Itumba yalipo makao makuu ya Wilaya ya Ileje, wa tatu Mpemba, barabara yetu inapoingia barabara kuu ya TANZAM. Kwa kila gari waandike saa lilipoanza kupakia, saa lilipoondoka, tarakimu tatu za namba yake, na abiria waliokuwamo.

Wekeni na wa nne kijiji chochote cha katikati. Huyo ndiye mwenye kazi yenye thamani kuliko wote: aandike watu wangapi walipunga mkono gari likawapita kwa sababu limejaa. Gari likiondoka stendi limejaa, wa njiani hawana usafiri hata kama magari yanapita kutwa nzima mbele ya macho yao. Stendi haiwezi kuliona hilo. Madereva nao hawaliandiki popote.

Siku zinazofaa kuhesabu ni tatu: siku ya kawaida katikati ya wiki, siku ya gulio, na siku shule zinapofungwa au kufunguliwa. Kuhesabu kutwa nzima ni bora kuliko kuhesabu saa chache kwa siku nyingi, maana tatizo la alfajiri na tatizo la jioni si moja. Vijana walipwe nauli na chakula. Wenye maduka ya stendi wakiombwa vizuri watachanga, kwa kuwa abiria anayefika kwa uhakika ndiye mteja wao.

Msidhani kazi hii ni ya wataalamu wa mjini tu. Nairobi haikuwa na ramani moja kamili ya ruti za matatu hadi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakisaidiana na wenzao wa vyuo vya Marekani, walipopanda matatu wakiwa na simu mkononi na kurekodi kila kituo. Mwaka 2014 ramani ya ruti zaidi ya 130 ikatolewa kwa umma. Vifaa vyao vilikuwa simu na uvumilivu. Sisi tuna ruti chache tu, kwa hiyo daftari linatosha.

Mkimaliza, msitafute wastani wa muda wa kusubiri peke yake. Wastani huficha. Tafuteni aliyesubiri kuliko wote siku ile, kwa sababu msafiri hupanga safari kwa kuogopa siku mbaya.

Saa kwenye ncha za siku, kujaza katikati

Hapa ndipo wapenda ratiba wengi hukosea. Wanataka kila gari, kutwa nzima, liondoke kwa saa hata likiwa na watu watatu. Dereva atakubali kikaoni na kesho yake atafanya lile linalompa hesabu ya bosi. Tupige hesabu yake kwa uaminifu.

Tuseme haisi ya siti 14 inasubiri kujaa na inapiga mizunguko mitatu kwa siku. Kila upande inabeba watu 42. Ikiondoka kwa saa inapata mzunguko wa nne. Inatoka na watu 9, inaokota 3 njiani, jumla 12 kwa kila safari, yaani 48 kila upande. Imeongeza watu 6 kwenda na 6 kurudi. Kwa nauli ya kama 2,400, hao 12 ni shilingi 28,800. Sasa mzunguko mmoja wa nyongeza ni kilomita mia na zaidi, tuseme lita 10 za wese, kwa bei ya kama shilingi 3,000 kwa lita. Nyongeza yote imeingia kwenye tanki, na bado matairi hayajadai. Dereva anayekataa ratiba ya kutwa hana roho mbaya. Anajua kujumlisha.

Kwa hiyo ombeni kidogo, lakini mahali panapouma. Ombeni saa isiyobadilika kwa gari la alfajiri na gari la mwisho la jioni, basi. Gari la alfajiri ndilo linaloamua kama mtu ataweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. La jioni lina nguvu zaidi, ingawa mara nyingi ndilo lenye abiria wachache: mtu asiye na uhakika wa kurudi hathubutu kuondoka asubuhi. Ukilifuta gari la mwisho kwa kuwa lina watu watano, umepunguza na waliokuwa wapande la saa mbili asubuhi. Mwenye gari haoni uhusiano huo kwa sababu hasara ya jioni anaiona yeye, na faida ya asubuhi inakwenda kwa mwenzake.

Treni ya abiria iliyoanza jijini Dar es Salaam Oktoba 2012, ile ambayo watu waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilifuata mantiki hiyo. Ilitumia reli na mabehewa yaliyokuwapo, na ilipita asubuhi na jioni, saa ambazo watu wanakwenda kazini na kurudi. Mchana reli iliachiwa shughuli nyingine.

Kwa magari ya mchana, msidai saa. Dai lenu liwe kikomo cha kusubiri: gari likikaa kwenye zamu dakika 40, liondoke na lilichonacho. Dakika 40 ni pendekezo langu. Madaftari yenu yatawaambia kama ni nyingi au chache. La muhimu ni kwamba msimamizi wa foleni awe na saa ya ukutani ambayo kila mtu anaiona, na awe mtu asiyemiliki gari hata moja stendini hapo.

Sasa fedha. Gari la alfajiri litaondoka na siti tupu siku nyingine, na mwenye zamu hiyo hawezi kubeba hasara ya stendi nzima. Anzisheni mfuko. Tuseme mna magari 20, kila moja linapiga safari tatu, na kila safari inachangia shilingi 500. Kwa siku ni shilingi 30,000. Magari mawili ya saa, kila moja likikosa abiria watano wa nauli ya 2,400, linahitaji kufidiwa 12,000. Jumla 24,000, na 6,000 inabaki kwa mlinzi wa usiku. Mlinzi ni lazima, kwa sababu gari la alfajiri halina budi kulala Isongole. Gari linalolala Tunduma haliwezi kuwa la alfajiri kwetu, hata likiandikwa kwenye ubao kwa rangi nyekundu. Zamu izunguke ili kila dereva alale mbali na kwake mara chache tu, naye dereva apate pa kulala pa heshima. Asilale kwenye siti ya nyuma kisha apewe roho za watu 14 saa kumi na moja alfajiri.

Mfuko utasimamiwa na nani? Kenya iliwalazimisha wenye matatu wawe chini ya ushirika au kampuni ndipo wapewe leseni, na kwa vurugu zote za matatu, angalau serikali ina mlango wa kubisha. Kwetu, kama chama cha madereva kipo na kina daftari la mapato linalosomwa hadharani kila mwezi, kitumieni. Kama hakina, msikabidhi shilingi. Anzeni na michango midogo, fungueni akaunti ya simu yenye watia saini watatu, na mmoja wao awe mwalimu au muuguzi ambaye hana gari.

Namna ya kuongea na madereva nayo ina adabu yake. Msiende stendi na askari, wala msianze na "mnatutesa". Anayekwenda awe mtu mzima anayejua kuamkia na kuamkiwa, aketi kijiweni, anunue chai, kisha afungue daftari: "Ndugu zangu, Jumatano kuanzia saa nne hadi saa sita magari manne yalikuwa yamepaki kwa pamoja, na huku katikati watu 19 waliachwa barabarani. Hao 19 ni nauli ya nani?" Mkigeuza malalamiko kuwa nauli iliyopotea, mazungumzo yanakuwa ya biashara, na biashara wanaijua kuliko ninyi.

Mpemba, si Tunduma

Kila anayetoka Isongole husema anakwenda Tunduma, lakini wengi wao hawaendi Tunduma. Wanakwenda Vwawa zilipo ofisi za mkoa tangu Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, au Mbeya, au Dar es Salaam. Wote hao njia yao inaanzia Mpemba kuelekea mashariki. Kuwapeleka kwanza Tunduma, ndani ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, halafu kuwarudisha tena Mpemba walikokwishapita, ni kuwatoza nauli mara mbili na kuwapotezea asubuhi. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa Oktoba 2019 kilikusudiwa kuharakisha uvukaji wa mpaka, lakini malori ya Zambia na Kongo ni mengi, na foleni yake haina ratiba. Msipange kitu chochote kinachotegemea foleni hiyo.

Uswisi, nchi ya milima kuliko Ileje, ilipanga upya ratiba ya reli zake mwaka 1982 kwa kanuni rahisi. Treni zinakutana kwenye kituo kikubwa kwa dakika zilezile kila saa, na basi dogo la kijijini linakuwa limesimama hapo likisubiri. Mtu anashuka huku, anapanda kule, kisha vyote vinaondoka. Kanuni hiyo haidai reli ya umeme. Inadai mahali pa kukutania na saa ya kukutana.

Mpemba ndiyo mahali petu. Chagueni nyakati tatu au nne za siku, kwa mfano saa 12:30 asubuhi, saa 4:30, saa 8:30 na saa 11:30 jioni, ziwe saa za makutano. Gari la saa la Isongole lifike robo saa kabla; yale ya mchana yalenge tu saa hizo bila kuvunja kikomo cha kusubiri. Haisi za Vwawa na Mlowo zinajua kwamba saa hiyo kuna abiria wa uhakika na zitajileta zenyewe bila kuitwa. Ongeeni pia na mawakala wa mabasi makubwa yanayotoka Tunduma kwenda Mbeya na Dar es Salaam. Mabasi hayo yanapita Mpemba kwa vyovyote. Wakala akikata tiketi ya kupandia Mpemba, na siti ikashikiliwa hadi hapo, abiria wa Isongole hana haja ya kulala gesti Tunduma. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo makutano ya jioni nayo yana soko la masafa marefu.

Pangeni saa hizo kwa kurudi nyuma. Anzeni na basi au ofisi ambayo mtu anaiwahi, toeni muda wa njiani, ndipo mpate saa ya kuondoka Isongole. Muda wa njiani uhesabiwe kwa mwendo halali: kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na 80 kuwa mwisho kabisa kwa basi mahali pengine. Kwenye miteremko na kona zenye malori, wastani wa 40 ndio wa kweli, na kilomita 50.3 kwa wastani huo ni saa moja na robo. Ukiandika dakika 50 ubaoni ili kufurahisha wateja, umemwandikia dereva amri ya kukimbia.

Kuna jambo moja dogo ambalo mgeni hawezi kulifikiria. Malawi na Zambia zipo nyuma yetu kwa saa nzima. Simu ikidaka mtandao wa upande wa pili, inajirekebisha saa yenyewe bila kuuliza, na mtu anaweza kukosa gari la alfajiri huku akiapa kwamba aliwahi. Mfanyabiashara anayevuka kutoka Chitipa, upande wa Malawi, naye ana saa yake. Ubao wa ratiba uandikwe wazi "saa za Tanzania", na ile saa ya ukutani ya msimamizi iwe ya betri.

Nauli iandikwe, na mzigo pia

LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA kwa sheria ya 2019, ndiyo inayoweka kikomo cha nauli. Katika viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023, basi la kawaida la masafa marefu lilipangiwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita. Zidisha kwa 50.3, unapata shilingi 2,438. Kabla ya kubandika chochote, mwombeni afisa mfawidhi wa LATRA wa mkoa kiwango kinachotumika sasa na daraja la magari yenu, kisha andikeni kwa herufi kubwa nauli ya Isongole hadi Mpemba na nauli za vituo vya katikati. Za katikati ndizo zinazosahauliwa. Konda humtoza anayeshuka nusu ya njia nauli nzima, na huyo ndiye abiria yule tuliyesema ataongeza mapato.

Mizigo iwe na bei yake ubaoni: gunia, debe, kuku kwenye tenga, godoro. Ugomvi wa stendi mara nyingi ni wa mzigo. Mwanamke mwenye gunia la mahindi ndiye anayepangiwa bei kwa kuangaliwa usoni.

Kuhusu michomoko, yale magari madogo yasiyo na leseni ya abiria, nina maoni yasiyopendwa: msianze kwa kuyakamata. Mahali ambapo hakuna gari la uhakika, mchomoko ndio unaompeleka mgonjwa hospitali. Gari la saa likishasimama imara kwa miezi kadhaa, abiria watauacha mchomoko wenyewe, na hapo wenye magari mazuri waelekezwe kuomba leseni. Msako ukitangulia huduma, kijiji kinabaki na sheria na hakina gari.

Mbishe mlango gani

Daftari likishajaa, lipitishwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wengi huiita WDC, ili liwe na muhuri. Hapo njia zinagawanyika, na watu wengi hupotea kwa kupeleka kila kero kwa mkuu wa wilaya.

Leseni, ruti, nauli na kukatisha safari ni vya LATRA. Anayewaambia abiria "mwisho hapa" kabla ya kituo kilichoandikwa kwenye leseni yake amevunja sharti la leseni, na lalamiko linalotaja tarehe, saa na namba ya gari hushughulikiwa. Linalosema "madereva wa huku" halina pa kuanzia. Lipo pia baraza la kutetea watumiaji wa usafiri wa ardhini, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa abiria. Bodaboda na bajaji, hao pangeni nao kupitia kata: wawe na kijiwe cha kupokea abiria wa gari la jioni, na bei ya kwenda milimani iliyokubaliwa.

Lami ya Mpemba hadi Isongole ni ya TANROADS. Kwake ombeni sehemu za gari kusimama pembeni ya barabara na vibanda vya kujikinga mvua, na hoja hiyo ipelekwe kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa. Barabara za udongo zinazopanda vijijini ni za TARURA. Choo, taa na paa la stendi ni vya halmashauri inayokusanya ushuru wa stendi hiyo. Ulizeni kwa upole ushuru wa mwaka jana ulikuwa kiasi gani na ni shilingi ngapi zilirudi stendini. Na kama kuna kundi la vijana linalotaka kununua gari la ruti, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu, ilirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa. Andiko lao litakuwa na nguvu likiambatishwa hesabu zenu za abiria walioachwa.

Na reli je?

TAZARA inapita mlangoni mwetu, Vwawa na Tunduma, katika safari yake ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Tangu ikabidhiwe mwaka 1976 imekuwa reli ya masafa marefu, na kwa miaka mingi treni yake ya abiria ilipangwa mara mbili tu kwa wiki. Huwezi kujenga maisha ya kila siku juu ya treni ya mara mbili kwa wiki. Lakini shirika hilohilo limeshaonyesha kwamba safari fupi zinawezekana: liliendesha treni ya jijini Dar es Salaam, na liliendesha treni ya kati ya Kilombero na Makambako kwa watu ambao masika barabara zao hazipitiki.

Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua reli hii. Msukumo mkubwa ni shaba na mizigo, na sina ugomvi na hilo. Kila lori linalohamia relini linapunguza foleni ya Tunduma. Wasiwasi wangu ni kwamba ratiba ikishapangwa kwa ajili ya mabehewa ya mizigo, abiria wa Mbeya, Vwawa na Tunduma watapewa saa zinazobaki, saa nane usiku kwa mfano. Ombi la treni ya asubuhi na jioni kati ya Mbeya na Tunduma lipelekwe sasa, kabla ratiba haijakauka. Lisipelekwe na Ileje peke yake. Momba na Mbozi zina watu wengi zaidi kwenye reli hiyo, na wabunge wa majimbo hayo wakisimama pamoja bungeni ndipo wizara itageuza shingo. Isongole haina reli, lakini ina faida yake: hesabu ya abiria wa Mpemba wanaoendelea Vwawa na Mbeya mtakuwa nayo ninyi, kijiji kwa kijiji, saa kwa saa.

Hadi hapo, treni isiwazuie kuanza na haisi mbili. Muda unaofaa ni huu: hesabu ya kwanza Oktoba, barabara za udongo zikiwa kavu, ili ripoti iwe kwenye kata kabla halmashauri haijafunga makadirio ya mwaka unaoanza 1 Julai. Gari la alfajiri na la jioni liwe la majaribio kwa miezi mitatu, na mfuko ufunguliwe wiki hiyohiyo. Februari, mvua zikiwa zimekolea, vijana warudi na madaftari yao mahali palepale. Watu wa milimani mwezi huo hutembea muda mrefu zaidi kufika lami, kwa hiyo saa ya alfajiri iliyofaa Oktoba huenda ikahitaji kusogezwa nusu saa mbele.